“Si wampige tu nusukaputi?” Mambo ya kujua kabla mtoto hajapewa dawa ya kumtuliza kwenye kliniki ya meno

Dada yangu alishuka kutoka Kinole na mwanawe wa miaka minne, shavu la kulia limevimba. Ulikuwa usiku wa pili mtoto hajalala, na nyumba nzima haijalala. Tukampeleka kwenye kliniki ndogo ya meno hapa Morogoro mjini. Mtoto kukiona kile kiti tu, akaanza kupiga kelele, akang'ang'ania kanga ya mama yake, mdomo akaufunga kabisa. Mhudumu alijaribu mara mbili, akashindwa.

“Si wampige tu nusukaputi, tumalize?” dada akasema. Gari za kurudi Kinole hazisubiri mtu.

Mhudumu akajibu kwamba nusukaputi pale hawana, ila kuna dawa ya kunywa ya kumtuliza. “Atasinzia kidogo tu mama, dakika ishirini tutakuwa tumemaliza.”

Mimi si daktari wa meno. Nasoma shahada ya uzamili hapa SUA, upande wa dawa za mifugo, na wagonjwa wangu wengi ni mbuzi. Lakini mbuzi wamenifundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kumlaza kiumbe yeyote, na siku ile niliyauliza: Daktari, mtoto mmempima uzito? Oksijeni ipo? Na wakati wewe unang'oa jino, nani atakuwa anamwangalia anavyopumua?

Alinijibu kwa upole tu: “Kaka, hii dawa ni ndogo. Na leo niko peke yangu.” Mtungi wa oksijeni ulikuwa umeisha. Tukamshukuru, tukaondoka. Dada alininunia mpaka tunafika nyumbani.

Nimeandika makala hii kwanza kwa ajili yake, halafu kwa ajili ya kila mzazi anayekaa kwenye lile benchi. Kumtuliza mtoto kwa dawa si jambo baya. Linafanyika duniani kote na linawasaidia watoto wengi. Ila usalama wake hautegemei ukubwa wa dawa. Unategemea nani anaangalia, ana vifaa gani, na mtoto anarudije nyumbani.

Vitu vitatu ambavyo tunavichanganya

Cha kwanza ni ganzi. Ni sindano ya lignokeini karibu na jino. Mishipa ya fahamu ya pale inaacha kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Mtoto yuko macho, anasikia, anaongea, ila jino halisikii kitu.

Cha pili ni nusukaputi, yaani usingizi kamili wa chumba cha upasuaji. Mtu hajitambui, hata ukimchoma haamki, na mara nyingi anahitaji kusaidiwa kupumua. Hii ni kazi ya mtaalamu wa usingizi.

Cha tatu ni hiki cha katikati: kumtuliza kwa dawa. Hofu inashuka, mwili unalegea, mtoto anaweza kusinzia, lakini ukimwita anaitika, na anapumua mwenyewe. Lengo ni kumfanya avumilie kazi ifanyike.

Hapa kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya: dawa nyingi za kutuliza haziondoi maumivu. Mtoto aliyepewa midazolamu bado atasikia jino likivutwa. Anaweza asikumbuke kesho, lakini leo atasikia. Kwa hiyo ganzi inabaki palepale. Dawa ya kutuliza inakuja juu yake, haichukui nafasi yake.

Ngazi yenye utelezi

Wataalamu wa usingizi huigawa hali hii katika hatua nne. Ya kwanza, mtoto ametulia tu, yuko macho. Ya pili, anasinzia ila anaitika ukimwita au ukimgusa taratibu. Ya tatu, amelala fofofo, anaitika tu ukimtikisa sana au akisikia maumivu, na njia yake ya hewa inaweza kuanza kuziba. Ya nne ni nusukaputi yenyewe.

Ukiwaza ngazi ya nyumba, utadhani mtu anashuka hatua moja anasimama, anashuka ya pili anasimama. Hapana. Hii inafanana zaidi na njia ya mlimani wakati wa masika. Unaweka mguu pale ulipokusudia, unajikuta chini zaidi.

Kwenye mazoezi tumewahi kuwapa mbuzi wawili wenye uzito uleule dawa ileile, kipimo kilekile. Mmoja alibaki amesimama, kichwa kimeinama. Mwenzake alilala ubavu, tukaanza kumhesabia pumzi. Hakuna aliyekosea kipimo. Miili inatofautiana, na huwezi kujua kwa kuangalia kwa macho nani atateleza.

Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inashikilia kanuni moja: anayekusudia kumfikisha mtoto hatua ya pili awe na uwezo wa kumwokoa akifika hatua ya tatu. Kujua kutoa dawa hakutoshi. Lazima ajue kuifungua njia ya hewa, kumpumulisha mtoto kwa mkono, na awe na vifaa vya kufanya hivyo palepale.

Kwa nini mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Chukua mrija wa juisi, unywe. Sasa ubane kidogo, unywe tena. Umeona kazi inavyoongezeka? Kwenye mrija ambao hewa inapita kwa utulivu, ukipunguza upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa unaongezeka mara 16. Koo la mtoto wa miaka minne ni jembamba tangu mwanzo. Ulimi wake ni mkubwa ukilinganisha na kinywa, na umri huo tezi za koo mara nyingi zimejaa. Dawa ikilegeza misuli, ulimi unarudi nyuma na ule mrija unabanwa.

Jambo la pili ni akiba. Mtu mzima aliyetulia hutumia kama mililita 3 hadi 4 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Mtoto mdogo hutumia karibu mara mbili ya hiyo, wakati akiba ya hewa kwenye mapafu yake kwa kila kilo haizidi ya mtu mzima. Kwa hiyo akiacha kupumua, oksijeni inashuka upesi sana. Muda wa kutoka nje kwenda kuita msaada haupo.

Na jambo la tatu ni la meno peke yake. Daktari anayeshona kidonda cha mguu anafanya kazi mbali na njia ya hewa. Wa meno anafanya kazi ndani yake. Kuna maji, damu, mate, pamba, vipande vya jino, na kichwa kinasukumwa huku na kule. Daktari wa meno na mapafu ya mtoto wanagombania mlango mmoja.

Dawa zenyewe ni zipi?

Gesi ya kuchekesha. Kitaalamu ni naitrasi oksaidi. Huchanganywa na oksijeni, mtoto akaivuta kwa pua kupitia kikofia kidogo. Kwa kawaida mchanganyiko huwa na asilimia 30 hadi 50 ya gesi hiyo, iliyobaki ni oksijeni. Sifa yake kubwa ni kasi: inaingia ndani ya dakika chache na kutoka ndani ya dakika chache. Mwishoni mtoto huvutishwa oksijeni tupu kwa kama dakika tano, akiinuka kichwa chake kimerudi. Mashine zake zimetengenezwa zisiweze kupunguza oksijeni chini ya kiwango salama. Kasoro zake? Mtoto akiwa na mafua, pua imeziba, haifanyi kazi. Anayepiga kelele na kukataa kikofia naye haimsaidii. Tena inahitaji mashine, mitungi miwili na mfumo wa kuiondoa gesi chumbani ili wahudumu wasiivute kila siku. Ndiyo maana huikuti kila kliniki.

Midazolamu. Hii mara nyingi ndiyo “dawa ya kunywa”. Kwenye ubongo kuna kemikali inayoitwa GABA ambayo kazi yake ni breki: inapunguza kelele za seli za fahamu. Midazolamu inaufanya mguu wa breki uwe mzito zaidi. Mtoto akiinywa, huanza kulegea baada ya kama dakika 20 hadi 30. Faida yake ni kwamba ina dawa ya kuipindua, inaitwa flumazenili. Hasara ni kwamba ukishamnywesha huwezi kuichomoa, na hujui kiasi gani kitafika kwenye damu maana ini linaharibu sehemu kubwa njiani. Wapo pia watoto wanaofanya kinyume: badala ya kutulia wanakuwa wakali, wanalia bila kunyamazishika.

Ketamini. Sisi wa mifugo tunaijua vizuri, na hospitali zetu zinaitegemea kwa upasuaji wa watu. Ilitengenezwa mwaka 1962. Tofauti na nyingine, inaondoa maumivu pia, na kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani haina hatari. Lakini inaongeza mate, inaweza kuleta kutapika, na mara chache koo linakakamaa na kufunga kabisa hewa isipite. Kinywa chenye mate mengi na damu ni mahali pabaya pa jambo hilo kutokea. Na ketamini haina dawa ya kuipindua.

Umegundua kitu? Hakuna iliyo “ndogo”. Kila moja ina mlango wake wa hatari, na kila moja inamtaka mtu wa kuusimamia.

Somo lililolipiwa kwa gharama kubwa

Dawa ya usingizi, kwa kiasi kikubwa, ilizaliwa kwenye kiti cha meno. Desemba 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta naitrasi oksaidi na kumwambia mwenzake amng'oe jino. Oktoba 1846 daktari mwingine wa meno, William Morton, alionyesha etha hospitalini Boston, na upasuaji ukabadilika dunia nzima.

Lakini kilichoanza kama baraka kimeleta misiba pia. Mwaka 1983 watoto watatu walikufa katika kliniki moja ya meno huko California. Vifo hivyo vilichangia Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kutoa, mwaka 1985, mwongozo wake wa kwanza wa kuwatuliza watoto kwa dawa.

Mwaka 2000 kundi la watafiti likiongozwa na Charles Coté lilichapisha uchambuzi wa matukio 95 ya watoto waliopata madhara walipotulizwa kwa dawa, katika fani mbalimbali, meno yakiwemo. Watoto 51 kati yao walifariki, na 9 walibaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Watafiti walitafuta dawa ya kuilaumu, hawakuipata. Kulikuwa na dawa za kila aina, za sindano na za kunywa. Walichokipata ni kingine: kipimo kilichozidi, dawa kadhaa kuchanganywa, na mtoto kutoangaliwa. Walioharibikiwa nje ya hospitali waliishia vibaya zaidi kuliko wa hospitalini, ingawa kwa jumla walikuwa wakubwa na wenye afya nzuri zaidi, kwa sababu uokoaji wa kule nje ulikuwa dhaifu. Wengine walipewa dawa nyumbani kabla ya kufika. Wengine walipatwa na shida baada ya kuruhusiwa, wakiwa njiani au nyumbani. Shikilia hilo la njiani, nitalirudia.

Uingereza nao walichukua hatua: kuanzia tarehe 31 Desemba 2001, nusukaputi kwa ajili ya meno iliondolewa kabisa kwenye kliniki za mtaani na kubakizwa hospitalini.

Kidude cha kidole na macho ya mtu

Wakati wa korona wengi tulikijua kile kidude kinachobana kidole na kuonyesha asilimia ya oksijeni. Mtoto yeyote anayetulizwa kwa dawa nzito kuliko gesi peke yake anapaswa kuwa nacho kidoleni tangu mwanzo mpaka anapoamka. Wazo lake lilitoka Japani miaka ya 1970, kwa mhandisi Takuo Aoyagi, na kimeokoa watu wengi mno.

Lakini tusikiabudu. Kwanza, kinachelewa: mtoto anaweza kuwa ameacha kupumua na namba bado inasoma vizuri kwa muda. Pili, mikono ya baridi inakichanganya. Tatu, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliangalia wagonjwa wazima waliolazwa ambao kidude kilionyesha wako salama, asilimia 92 hadi 96. Walipopima damu yenyewe, oksijeni ilikuwa chini hatarini kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 kwa Weupe.

Maana yake si kwamba tukitupe. Maana yake ni kwamba lazima awepo mtu, asiye yule anayeng'oa jino, ambaye kazi yake pekee ni kumwangalia mtoto: kifua kinapanda? Midomo ina rangi gani? Anakoroma? Mkoromo wa mtoto aliyepewa dawa usiuchukulie kama usingizi mzuri. Ni hewa inayohangaika kupita.

Safari ya kupanda mlima

Sasa turudi Uluguru, maana miongozo mingi imeandikwa kwa mtu anayekaa dakika kumi kutoka hospitali.

Anza na chakula. Mtoto anayetulizwa akiwa ameshiba anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kanuni ya kawaida ni hii: chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe, mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama, masaa 4, maji au chai ya rangi, masaa 2. Na uji? Uji ni chakula. Mama anayetoka Kinole au Nyandira anamwamsha mtoto saa 11 alfajiri, anampa kikombe cha uji cha safari, kwa huruma kabisa. Kwa hesabu hiyo mtoto hapaswi kupewa dawa kabla ya saa 5 asubuhi. Kama hakuna aliyemuuliza swali hilo, hakuna anayejua. Kinyume chake pia ni kibaya: kumkalisha na njaa na kiu tangu jana jioni, kisha foleni mpaka mchana. Mwambie mhudumu ukweli mtoto alikula nini na saa ngapi, wapange kutokea hapo.

Halafu kurudi. Gari linakushusha barabarani, kipande kilichobaki ni bodaboda. Na bodaboda zetu tunazijua: mshikaki, dereva mbele, mtoto katikati, mama nyuma. Mtoto ambaye dawa bado imo mwilini akisinzia pale, kichwa kinaanguka kifuani, kidevu kinabana koo, na ule mrija tulioubana mwanzo unabanwa tena. Mama aliye nyuma haoni uso wake. Mvuto wa injini na upepo unafunika mkoromo. Kule Marekani walijifunza jambo hili kwa watoto waliofungwa kwenye viti vya gari. Sisi viti hivyo hatuna, lakini shingo ya mtoto ni ileile.

Kwa hiyo mtoto asiondoke kliniki kwa sababu jino limetoka. Aondoke akiwa macho bila kuamshwa, anaongea kama kawaida yake, anakaa bila kushikiliwa, na amekunywa kitu bila kutapika. Kama makazi ni mlimani, panga kulala mjini kwa ndugu usiku huo. Ikishindikana, wawepo watu wazima wawili: mmoja wa kuhangaika na safari, mmoja wa kuangalia uso wa mtoto tu.

Na tafadhali, usimpe mtoto Piriton au dawa yoyote ya kusinzisha nyumbani “ili afike ametulia”. Ikikutana na dawa ya kliniki, hakuna anayeweza kutabiri wataishia hatua ya ngapi.

Kabla ya dawa, kuna njia nyingine

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Hatuwezi kuwalaza wote, na hakuna haja.

Njia ya kwanza haina hata kifaa: mwambie, mwonyeshe, kisha fanya. Mtoto anaelezwa kwa maneno yake (“tunalilaza jino”), anaonyeshwa kioo kwenye kidole chake, halafu ndipo kinaingia mdomoni. Mdogo zaidi analazwa mapajani, kichwa kwa daktari, miguu kwa mama, macho yake yakimwona mama.

Ya pili ni dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi. Tone moja linapakwa kwenye jino bovu, bila sindano wala mashine, na uozo mara nyingi unasimama. Linabaki doa jeusi, wazazi wengine hawalipendi, lakini ni doa tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Ya tatu ina asili ya hapahapa kwetu. Watafiti, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walichunguza meno ya watoto wa wilaya ya Morogoro mwaka 1979 na tena mwaka 1984. Katikati ya miaka hiyo ya 1980, Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, walikuwa na tatizo rahisi kulieleza: mashine ya kutoboa jino inataka umeme, na vijijini umeme hakuna. Wakaamua kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa saruji inayoshika kwenye jino. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Aprili 1994 ikatangazwa rasmi Geneva, Siku ya Afya Duniani. Leo inajulikana kimataifa kwa kifupi cha ART.

Walikuwa wanatafuta njia ya kufanya kazi bila umeme. Walichokipata pamoja nayo ni kliniki isiyo na kelele. Hakuna mlio wa mashine, mara nyingi hakuna sindano, na mtoto anaogopa kidogo zaidi. Kwa watoto wengi hofu ikipungua, haja ya dawa ya kuwatuliza inapungua pia.

Nani basi anaihitaji kweli?

Wapo. Mtoto wa miaka miwili mwenye meno kumi mabovu. Mwenye ulemavu unaomzuia kuelewa au kutulia. Aliyewahi kushikwa kwa nguvu na watu wanne akang'olewa jino akipiga mayowe, sasa hata harufu ya kliniki inamtetemesha. Kumshika mtoto kwa nguvu nako ni madhara, na mzazi asiambiwe kwamba hiyo ndiyo njia ya bei nafuu. Vilevile kuliacha jino lenye usaha kwa kuogopa dawa ni hatari, maana maambukizi ya jino yanaweza kusambaa shingoni na kwenye damu.

Watoto hawa wapelekwe mahali penye timu na vifaa, na kesi nzito ziende hospitali yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi. Ni usumbufu, ni nauli, ni siku za kazi zinapotea. Najua. Lakini rufaa ya namna hiyo ni sehemu ya matibabu.

Maswali ya kuuliza bila aibu

• Dawa hii inaitwaje, na mtoto amepimwa uzito leo?
• Nani atamwangalia anavyopumua, mbali na anayefanya jino?
• Oksijeni ipo na mtungi una kitu? Mfuko wa kumpumulisha wa saizi ya mtoto upo?
• Kidude cha kidole kitakuwa kidoleni muda wote?
• Akizidiwa, mnafanya nini, na hospitali ya kumkimbiza ni ipi?
• Ataruhusiwa akiwa katika hali gani?
• Je, kuna njia ya kulitibu jino hili bila kumtuliza kwa dawa?

Mhudumu mzuri hatakasirika. Akikasirika, nalo ni jibu.

Ilivyoishia

Siku ya pili tulikwenda kwingine. Jambo la kwanza lilikuwa mizani: kilo 14. Nilikuwa nimekisia 20. Ukomo unaotumika sana wa lignokeini kwa mtoto ni miligramu 4.4 kwa kilo. Kwa kilo 14 inakuwa kama miligramu 61, yaani vichupa vidogo vya meno vya asilimia 2, vya mililita 1.8, havifiki viwili. Kwa makisio yangu angeweza kuzidishiwa kwa zaidi ya asilimia 40. Na ganzi ikizidi inamdhuru mtoto hata bila dawa ya kutuliza. Zikikutana zote mbili, ni hatari juu ya hatari.

Dada mmoja wa pale alikaa na mtoto karibu robo saa akimwonyesha kioo na kuhesabu naye meno ya mama yake. Akamlaza mapajani, akapaka jeli, akachoma ganzi taratibu. Alilia, ndiyo, kama dakika mbili. Jino likatoka. Mengine mawili yalipakwa ile dawa nyeusi, na moja ameambiwa arudi kuzibwa.

Jioni hiyo alipanda bodaboda ya Kinole akiwa macho kabisa, anadai soda. Nikamwambia ale ndizi. Akaniambia, “Mjomba, wewe si daktari wa mbuzi?”